Hitima ya Nahodha Galal

Kila siku akitoka shule, Shahenda alipitia mkate kwenye kona ya mtaa wao wa Anfushi, mjini Aleksandria, kisha akasimama chini ya dirisha la bibi yake na kuita. Bibi Inshirah aliishi ghorofa ya tatu, na magoti yake yalikuwa hayataki tena kusikia habari za ngazi. Alishusha kikapu kwa kamba, Shahenda akatia mikate, kikapu kikapanda, naye akapanda ngazi mbio kushindana nacho. Zamani babu yake, Nahodha Galal, ndiye aliyevuta kamba ile, tena alivuta polepole makusudi ili mjukuu wake ashinde.

Sasa babu hayupo. Leo ilikuwa arubaini yake, na Shahenda alipanda ngazi zile akitamani zisifike mwisho.

Familia iligawana juzuu thelathini za Kurani, kila mtu na yake, ili siku hii hitima itimie na marehemu aombewe dua. Orodha ilitumwa kwenye kundi la familia la WhatsApp, na aliyemaliza kusoma aliweka alama ya vema mbele ya jina lake. Shahenda alipewa juzuu ya kumi na saba. Siku ya kwanza alisoma kurasa nne. Kesho yake akaenda kucheza mpira wa wavu, keshokutwa kukawa na mtihani, halafu usingizi, halafu uvivu tu. Wiki tatu zikapita hivyo. Jana, majina yote yalikuwa na alama isipokuwa lake. Binamu yake Hatim, kijana asiyejua kufunga mdomo, akaandika mbele ya ukoo mzima: "Meli imejaa, tunamngoja abiria mmoja tu, bado analamba aiskrimu!"

Mashangazi wakacheka. Shahenda akaona aibu, akaweka alama.

Sebule ya Bibi ilikuwa imejaa ndugu na majirani. Kahawa isiyo na sukari ilipitishwa, pamoja na mikate midogo mitamu ya sadaka. Mzee Shukri, aliyeshika usukani wa meli ya babu kwa miaka kumi na mmoja, alikuwa akisimulia.

"Nahodha wenu huyu alinitesa jamani!" alisema. "Ikifika swala tu, 'Shukri, Makka iko wapi?' Natazama dira, namwonyesha. Sasa meli ikigeuka yeye yumo katikati ya swala, mimi huku napiga kelele, 'Kulia kidogo, bwana!' Naye anageuka hivyo hivyo, mikono kifuani!"

Watu wakacheka mpaka wakafuta machozi. Shahenda naye alijaribu kucheka, akashindwa.

"Lakini kuna asubuhi moja siisahau," Mzee Shukri akaendelea, na sauti yake ikashuka. "Kulikuwa na ukungu. Yeye alikuwa luteni kijana wa jeshi la majini, na zamu ilikuwa yake. Tukagusa fungu la mchanga. Meli ikatetemeka kidogo, ikapita. Mkubwa wetu alikuwa amelala, tuliojua ni mimi na yeye tu. Nikamwambia, 'Bwana, usiandike. Wiki ijayo unapandishwa cheo.' Akachukua daftari la zamu akaandika, 'Tumegusa mchanga. Nilikwenda kasi kwenye ukungu. Kosa ni langu.' Meli ikakaguliwa. Chini wakakuta bamba limepasuka! Tungeendelea na safari siku ile, watu tisini tungekwenda na maji."

"Na cheo?" Hatim akauliza.

"Alikikosa miaka mitatu. Nilimuuliza kama anajuta. Akasema, 'Shukri, adhuhuri ile ile nilisimama kuswali. Ningesimama na uso gani?'"

Shahenda aliangalia vidole vyake.

"Alhamdulillahi, juzuu zote thelathini zimesomwa," Bibi alisema. "Shemeji Shukri, tuombee dua."

Mikono ikainuliwa. Mama yake Shahenda, aliyekaa karibu naye, akamtupia tabasamu la fahari. Nani angejua? Akinyamaza, dua itapita na mambo yataisha. Akisema, atamwaibisha mama yake mbele ya majirani. Lakini hitima ya babu itakuwa pungufu, na babu mwenyewe hawezi tena kuja kudai chake.

"Ngojeni!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Haijatimia. Yangu sijaimaliza. Niliweka alama tu."

Tabasamu la mama likafutika.

"Shahenda! Umesema nini?"

"Zimebaki kurasa kumi na sita, Mama. Nisamehe."

Bibi Inshirah akashusha mikono yake, na wengine wote wakashusha yao.

"Mpeni msahafu," alisema. "Tutangoja."

Basi akasoma, mbele ya watu wote, sauti ikimtetemeka, machozi yakimzuia kuona mistari. Alipokosea, Mzee Shukri alimsahihisha kwa upole. Alikuwa kwenye ukurasa wa tatu Hatim alipojikohoza.

"Bibi... na mimi niliruka kurasa za mwisho."

"Wewe! Wewe uliyemcheka mwenzio?"

Hatim akainamisha kichwa. Papo hapo shangazi mmoja aliinuka bila kusema neno, akachukua msahafu, akaenda kukaa pembeni akiwapa watu mgongo. Mzee Shukri akaficha kicheko ndani ya kikombe chake.

Jua lilikuwa karibu kuzama walipomaliza. Shahenda alifunga msahafu, akamwendea bibi yake.

"Umenikasirikia, Bibi?"

"Sana," Bibi alijibu, akamshika mkono. "Ulisema uongo, tena juu ya hitima ya babu yako. Sasa nisikilize, na Hatim asikie. Babu yenu hakuwa mtu asiyekosea, mmesikia wenyewe. Aligonga mchanga. Ila alilisema kosa lake wakati bado linaweza kurekebishwa, ndiyo maana watu tisini walirudi kwao. Nawe umesema kabla dua haijapita. Ungengoja hadi kesho, ungebaki kujuta tu. Uaminifu ni huo. Haya, kaa hapa kwangu."

Mikono ikainuliwa tena. Mzee Shukri alipolitaja jina la Nahodha Galal, Shahenda alilia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu babu afariki, na akaitikia amina.