Kigiriki cha Kathambi, Kiburma cha Rwamba

Foleni ya pasi pale ofisi ya D.C. Embu ilianzia mlangoni, ikazunguka mkaratusi, ikaishia karibu na posta, na kila aliyesimama humo alimtazama mwenzake kwa jicho la pembeni. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari. Mtu akikohoa, watu walijiuliza amemkoholea nani.

Katikati ya foleni alisimama Kathambi, msichana wa Kibirichia, amevaa gauni la bluu lenye kola nyeupe na kitambaa kilichofungwa nyuma ya shingo. Alifanya kazi misheni huko Meru, akimsaidia Bibi mmoja Mzungu kutafsiri Agano Jipya kwa Kimeru. Bibi huyo alisoma maneno kutoka Kigiriki chenyewe, na alipochoka kuulizwa na Kathambi kilichoandikwa hasa ni nini, akaamua kumfundisha. Sasa, akingoja pasi ya kurudi Meru, alikuwa akirudia somo lake kwa sauti ya chini: lego, legeis, legei, yaani nasema, unasema, anasema.

Nyuma yake alikuwa Rwamba, mtu wa Gachoka, mrefu, ndani ya koti la jeshi lenye vifungo vilivyong'arishwa. Kazi yake ilikuwa kuunganisha simu pale posta. Alipoyasikia maneno yale akarudi nyuma hatua moja. Mwanamke anayenong'ona maneno yasiyojulikana katika siku kama zile, ama amekula kiapo cha watu wa msituni, ama anaapisha wengine.

“Dada,” akasema polepole, “hayo maneno yako yapeleke mbali na mimi. Mimi nataka pasi tu.”

“Ni Kigiriki. Ndiyo lugha ya Injili.”

“Siku hizi kila mtu ako na Injili yake.”

Kathambi akageuka, akamkagua kuanzia viatu hadi kofia. “Na wewe unajua lugha gani, bwana wa vifungo?”

Mwenye akili angenyamaza. Rwamba alikuwa na akili, ila macho ya msichana yule yalikuwa na dharau tamu, na mwanamume hapendi kudharauliwa na uso mzuri. Akamhesabia kwa kunong'ona: tit, hnit, thon, le, nga. Ni Kiburma, akaeleza. Alikipata vitani, alipolala miezi mingi katika hospitali ya kambi na mguu uliovunjika. Mfagiaji mmoja mzee alimfundisha, na akawa anamwita nyile, yaani mdogo wangu.

Kathambi alicheka, kisha akaacha. Kila mtu alijua kwamba askari waliotoka Burma walikuwa wakitafutwa, kwani serikali iliamini ndio wanaowafundisha watu vita msituni. Na Rwamba naye, alipoona kicheko kinakatika, alijiuliza kama hakuwa ameingia mtegoni kwa miguu yake mwenyewe.

Hata hivyo walikunywa chai pamoja. Mapenzi hayana adabu. Hayangoji watu waaminiane kwanza. Pale hotelini, juu ya sahani ya maandazi, walilinganisha lugha zao kama wafugaji wanavyolinganisha mbuzi. Rwamba alisema herufi za Kiburma ni za mviringo, utadhani mtu amepanga mayai, na kwamba sauti ikipanda au ikishuka neno linageuka kuwa lingine. Kathambi akasema hilo si ajabu, hata Kimeru kiko hivyo. Kigiriki ndicho kigumu, kwa kuwa kila neno la kutenda lina mkia, na mkia huo unamtaja aliyetenda. Huwezi kusema “sema” ukajificha.

“Kwa Waburma unaweza,” Rwamba akasema. “Wanasema chit te, ‘penda’, basi. Nani anampenda nani, hawasemi. Walioko hapo wanajua.”

“Hiyo ni lugha ya wezi.”

“Lakini wao hawamwiti mtu ‘wewe’ hivi hivi. Wanamwita kaka, mama, mjomba, kama sisi. Mgiriki wako anamwambia hata Mungu ‘wewe’.”

Kathambi alimsogezea andazi la mwisho, na kushindwa huko kulimpendeza kuliko alivyotaka ijulikane. Walipoagana akamwita Nyile, na jina likabaki kuwa lake, la kuitwa ana kwa ana tu.

Tangu hapo, kila gari la misheni lilipokwenda Embu, Kathambi alipata sababu ya kupanda. Kwa siku nyingine palikuwa na simu. Rwamba alikuwa na bahati ya wachache: simu ya misheni ilipita mikononi mwake, kwenye mitambo aliyoitumia pamoja na mwenzake Mbaka. Jioni, Bibi akiwa kwenye sala, kengele ililia Meru, naye Kathambi akaipokea simu.

“Misheni hapa.”

“Waru za Kibirichia zimekomaa?”

“Zimekomaa, lakini wa Gachoka hawajui kuchimba viazi. Sema ulichopigia.”

“Chit te.”

“Nani?”

“Aliyeko hapa anajua.”

“Mimi nakwambia agapo, ‘napenda’. Huo mkia unanitaja, sijifichi. Wewe unajificha.”

Ulikuwa mzaha, lakini mzaha una mbegu. Lydiah, mpishi wa misheni, alimuuliza Kathambi swali moja tu: mtu anayeunganisha simu za Embu nzima husikia siri za watu wote, je, anakwenda kumwambia nani? Swali hilo lilimkaa Kathambi kooni kama mwiba wa samaki. Rwamba kwa upande wake alikuwa na lake. Msichana wa wamisheni anayependa kujua ulipigana wapi, ulijifunza nini huko porini, ametumwa na nani? Akapunguza maneno. Naye Kathambi, alipoona anapunguza, akazidi kushuku. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na nchi nzima ilikuwa imeumwa.

Asubuhi moja ya mvua Homu Gadi, wale walinzi wa kienyeji wa serikali, walifika misheni. Bibi aliteta nao, akapiga mguu chini, lakini walimchukua Kathambi mbele yake na kumshusha Embu. Aliwekwa katika chumba chenye meza na viti viwili, mbele ya afisa Mzungu kijana aliyesema Kiswahili alichojifunza kitabuni. Afisa alimwambia kwamba maneno ya kiapo yanapita kwenye waya wa simu kati ya Meru na Embu. Akayataja, moja baada ya jingine: chit te, agapo, na mengine aliyoyapinda vibaya.

Maneno yale yalisemwa na watu wawili tu. Mmoja alikuwa yeye.

“Rwamba ametueleza yote,” afisa akasema. “Anasema wewe ndiye uliyemletea. Sema kwamba ni yeye anayeapisha watu, leo hii utarudi Meru. Usiposema, ni kambini.”

Kathambi alitazama mikono yake. Alimchukia Rwamba kwa nguvu zake zote, na machozi yalipomtoka yalikuwa ya hasira. Neno moja tu na angelala kitandani kwake. Alikifungua kinywa alitamke. Ndipo akauliza kama hayo ndiyo maneno yote waliyopewa.

Afisa akasema ndiyo yote.

Yote? Hesabu ya kwenye foleni ilikuwa wapi? Nyile lilikuwa wapi? Kama Rwamba ndiye aliyemuuza, angeanza na yale ya mwanzo. Huyu afisa alikuwa na maneno ya simu tu, na aliyeyasikia ya simu tu ni mtu mwingine aliyekaa kwenye ile mitambo. Kathambi akamkumbuka Mbaka, yule mwenzake Rwamba mwenye sauti laini, ambaye kila mara alimwambia “subiri kidogo, dada.” Kikulacho ki nguoni mwako.

Akafunga kinywa, akakifungua upya, akasema ukweli. Hiki ni Kigiriki, kile ni Kiburma, na watu wawili wanapendana. Kwa ushahidi akasoma mwanzo wa Injili ya Yohana, en arkhe en ho logos, kwa lafudhi ya Kibirichia isiyo na haya. Afisa alikodoa macho, kwa maana alichapwa viboko shuleni kwao kwa ajili ya mstari huohuo, akajikuta anaumalizia. Kisha akamwamuru ahesabu kwa Kiburma. Alipomaliza, afisa akaenda chumba cha pili alikoshikiliwa Rwamba, akamwamuru vilevile, na hesabu zikawa sawa.

Wakaachiliwa. Pale getini walisimama mvuani, naye Rwamba akanyoosha mkono. Kathambi hakuupokea.

“Ulimwambia nini juu yangu?”

Rwamba akasema ukweli, na hilo nampa sifa. “Nilisema sikujui. Nilisema labda umetumwa kunichunguza.”

“Mimi nilikuwa na neno la kukumaliza, nikalimeza. Wewe ulikuwa na la kuniokoa, ukalificha.” Akapanda gari la misheni bila kutazama nyuma.

Rwamba aliondolewa kwenye mitambo ya simu, akawekwa kupiga mihuri. Mbaka akabaki peke yake na zile waya, na hapo Rwamba akamjua aliyewasikiliza. Meru hapakulia kengele ya jioni tena. Kathambi alijiambia kwamba ni afadhali, na kila jioni alikuta ana kazi karibu na simu.

Kisha siku moja, saa ya mchana posta ikiwa imejaa watu, Rwamba alivua kofia, akapanga foleni kama mteja yeyote, akalipia simu ya kwenda Meru. Hakuingia kibandani na kufunga mlango. Aliuacha wazi.

“Misheni hapa,” Kathambi akasema.

“Mbaka,” Rwamba akaanza, “najua unasikiza. Sikiza vizuri, hii si ya kupinda.” Posta nzima ikageuka. “Mimi, Rwamba wa Gachoka, nampenda Kathambi wa Kibirichia. Nilimwogopa, nikamkana mbele ya mzungu, na ninaona haya. Nataka kumuoa. Nani anampenda nani, sasa Embu yote inajua.”

Waya ulivuma. Huko Meru, Kathambi alikuwa ameegemea ukuta, kiganja mdomoni.

“Sema hayo kwa baba yangu,” akasema mwishowe. “Kwa Kimeru, na kwa sauti hiyohiyo. Kule hakuna Kiburma. Na mtungi wa kuposea, wa asali ya Gachoka, uwe umejaa, Nyile.”

Rwamba akarudisha kofia kichwani.

“Bwana Mbaka,” Kathambi akaita, “bado uko hapo?”

Waya ulikwaruza. Kisha ile sauti laini ikajibu, “Niko, dada.”

“Basi wewe ndiye shahidi.”