Wa Tisa Botini

Kidawa alihesabu vichwa mara mbili, na mara zote mbili alipata tisa.

Wanafunzi walikuwa wanane. Lakini alikuwa ndani ya boti la mpira la kujiokolea, mbali kidogo na ufukwe wa Kilwa Masoko, jua la saa nne linamchoma utosi, boti linapanda na kushuka, Dominick anatapika pembeni, na filimbi za majaketi ya kuelea zimetoka kulia zote kwa pamoja hadi masikio yanavuma. Mkufunzi wao, Madam Antonia, alikuwa kwenye boti la injini hatua chache kutoka pale, saa ya kupimia muda mkononi.

"Kiongozi wa boti! Wangapi?"

Mtihani huu wa uhudumu wa ndege Kidawa alishaufeli mara moja, kwenye bwawa la kuogelea Dar es Salaam. Wa pili ndio wa mwisho. Na kwao Kiranjeranje mama yake alishatangaza habari za binti wa ndege kila mahali, hata matangani. Kusema tisa aliona aibu. Kusema nane aliogopa, kwa kuwa macho yalimwambia vingine. Basi akachagua neno ambalo waoga wote hulichagua.

"Wote tumo, Madam!"

"Vizuri. Funga turubai."

Akavuta zipu. Mle ndani kukawa na kiza cha rangi ya chungwa, na harufu ya matope ya mikoko ambayo dakika moja nyuma haikuwepo. Shamimu, rafiki yake waliyelala naye chumba kimoja, alisukuma kiwiko upande wa kushoto.

"Hebu sogea bwana, unanibana."

Upande huo hakukuwa na mtu.

Tangu siku ya kwanza Bi Mwanaima, mpishi wa kambi, alikuwa amewaonya. "Filimbi baharini? Mnamwita nani?" Wakamcheka. Madam Antonia akamjibu kwa upole kwamba filimbi ya jaketi huita waokoaji. "Inaita anayesikia, mwanangu," alisema Bi Mwanaima, akarudi kwenye sufuria lake.

Asubuhi ya pili, baada ya zoezi la boti, majaketi manane yalikuwa kwenye misumari yake ukutani. Saba yalikuwa makavu. La Shamimu lilikuwa linachuruzika, na chini yake sakafu ilikuwa na dimbwi. Siku hiyo hiyo Shamimu akaanza kukohoa. Zahanati wakampima, wakasema kifua ni safi kabisa. Siku ya tatu, akiwa anakula ugali, maji yalimtoka puani, mengi, yakamwagika kwenye sahani. Mwenzao Joyce alichovya kidole, akaonja, akasema ni maji ya bahari, akaondoka mezani.

"Kidawa," Shamimu alinong'ona walipobaki wawili, "kuna mtu anavaa jaketi langu."

"Nani?"

"Sijui. Nikifumba macho tu nasikia anafunga kamba, halafu kile kishikizo kinalia, ka! Hapo ndipo pumzi inanikata." Akamshika mkono. "Usimwambie Madam. Atanirudisha nyumbani."

Kidawa hakumwambia Madam. Na sababu ilikuwa yake mwenyewe, si ombi la Shamimu. Alijua vizuri nani alisema wote tumo.

Siku ya nne ilikuwa zamu ya moshi. Shirika la ndege lilikuwa limeweka kontena karibu na uwanja wa ndege, ndani yake viti halisi vya ndege, kumi na viwili, vyenye mikanda. Kontena hujazwa moshi wa mashine hadi usione pua yako, abiria hutambaa kutoka, na mhudumu hubaki wa mwisho, anapapasa kiti kimoja kimoja akiuliza kama kuna mtu, maana moto hausubiri aliyesahauliwa. Kidawa ndiye alikuwa mhudumu. Aliwasikia wenzake wakitoka, viatu vyao vikigonga bati, kikohozi cha Shamimu kikiishia nje. Akaanza kupapasa.

"Kuna mtu? Kuna mtu?"

Kiti cha kwanza kitupu, cha pili kitupu, mikanda imelegea inavyotakiwa, akaendelea huku amebana pumzi na machozi ya moshi yakimtoka, cha nne, cha sita, cha nane, na alipofika cha tisa mkono wake ukagusa mkanda uliofungwa, umekaza, umelowa, na juu ya mkanda jaketi, na ndani ya jaketi kifua kilichokuwa kinapanda na kushuka taratibu kama cha mtu asiye na haraka ya kwenda popote, na ile harufu ya matope ya mikoko ikamjaa mdomoni, na vidole vya baridi vikaufunika mkono wake kwa upole, vikaupapasa, kama vile navyo vinamkagua yeye.

"Nipo," ilisema sauti, na ilikuwa sauti ya Shamimu. "Si ulisema wote tumo?"

Alitoka akitambaa na kupiga mayowe. Alipofika nje, Shamimu alikuwa amelala kwenye mchanga, midomo ya buluu, maji yanamtoka. Mwilini hakuwa na jaketi.

Kidawa alikimbilia jikoni, akamweleza Bi Mwanaima yote. Mama yule aliendelea kuchambua mchele mpaka mwisho wa maelezo.

"Vifaa vyenu ni vya wangapi?"

"Wanane, mama."

"Na wewe ukamkaribisha wa tisa. Sasa naye ana haki yake, na mmoja wenu amekosa." Akaweka ungo chini. "Mimi si mganga, napika wali tu. Lakini kwetu watu hatuwahesabu kama nazi. Tunawaita majina. Rudi pale pale uliposema, mbele ya uliyemwambia, urudishe neno lako. Waite. Yule jina hana."

"Nikimwambia Madam nimefeli."

"Basi feli," alisema Bi Mwanaima. "Mwenzio anazama nchi kavu."

Madam Antonia alikuwa Mmatumbi wa milimani, rozari shingoni, na mambo ya majini na mashetani hakutaka hata kuyasikia. Alichosikia ni kingine. "Ulihesabu tisa, ukaniambia wote?" Alisema polepole, na hilo lilitisha kuliko angefoka. "Hesabu isiyolingana haifungiwi mlango, Kidawa. Haifungiwi! Unajua neno lako lingeweza kuzika watu wangapi?"

"Nifelishe, Madam. Lakini tupeleke tena majini, na Shamimu awemo. Nakuomba."

Madam alimtazama Shamimu aliyelazwa kwenye benchi. Huenda alimwomba Mungu wake kimyakimya. Kisha akachukua ufunguo wa boti.

Walimbeba Shamimu, wakamkalisha pale pale alipokuwa. Hakuna aliyegusa filimbi. Kidawa alisema kwa sauti, ili Madam asikie kutoka boti la pili: "Nilisema wote tumo. Nilisema uongo. Nalirudisha neno langu." Halafu akaita. Joyce, nipo. Yassin, nipo. Saida, Benjamini, Dominick, Umi, kila mmoja akaitika. Akajitaja mwenyewe. "Shamimu." Ikatoka sauti nyembamba, nipo, na Kidawa akafunga mdomo wake akaukaza, akasubiri.

Kitu kilivuta pumzi katikati yao, kikasubiri kuitwa. Halafu kishikizo kikalia, ka, zipu ya turubai ikafunguka yenyewe taratibu hadi chini, na upande wa kushoto wa boti ukainuka ghafla, mwepesi. Shamimu akatapika maji ya chumvi mpaka wakadhani hayataisha. Yalipoisha, akaomba chapati.

Kidawa alilia kwa furaha, na akafeli. Vyote viwili siku moja.

Jumamosi ndege ndogo ya kukodi ilikuja kuwachukua wale saba waliofaulu. Kidawa, ambaye angepanda basi kurudi Kiranjeranje, aliomba asaidie kupakia mizigo ili amuage Shamimu. Majaketi aliyoyapakia yalinuka matope ya mikoko. Alijiambia ni kwa sababu hayakukauka vizuri. Shamimu alimkumbatia, mashavu yamerudi, akapanda, akampungia dirishani.

Injini ikawaka. Madam Antonia, aliyekuwa anabaki kusubiri darasa lingine, alisimama kwenye ngazi na kuchungulia ndani.

"Wangapi, Madam?" aliuliza rubani.

Akanyoosha kidole, akahesabu kama alivyowahesabu asubuhi na jioni wiki nzima. "...sita, saba, nane. Wote wamo!" Akafunga mlango, akageuka anatabasamu, akasogea kando kuipisha ndege. Ndege ikaanza kutembea.

Kidawa alikuwa amesimama na begi lake mkononi, anamtazama.

"Madam," alisema. "Mimi niko huku."

Tabasamu la Madam lilibaki usoni muda kidogo. Halafu wote wawili wakaanza kukimbia kuifuata ndege, wakipunga mikono na kupiga kelele ambazo injini ilizimeza. Katika dirisha la tatu Shamimu alikuwa ameacha kupunga. Alikuwa ameshika koo.