Mstari wa Nne wa Kabichi

"Nani amemwagia maji kabichi zangu?"

Bwana Shamba alikuwa amesimama kwenye mlango wa kitalu chetu, buti zimejaa tope, sauti iko juu. Mimi nilikuwa nimechuchumaa napanga miche ya vitunguu. Nikazidi kuinama.

"Salamu kwanza, baba," shangazi alimwambia. Kitalu ni chake. Mimi namsaidia tangu nilipoachia shule darasa la tano, miaka kumi sasa.

"Shikamoo, shangazi. Sakitu imeanguka, umande wote umeganda, shamba zima jeupe kama limemwagiwa chumvi, halafu mtu anakuja alfajiri kuongeza maji ya baridi! Kesho mkuu wangu anakuja kukagua. Miche ikifa, narudishwa bondeni."

"Umemwona huyo mtu?"

"Nimeona nyayo. Ndogo. Kandambili, moja imekatika kisigino."

Shangazi akatazama miguu yangu. Bwana Shamba naye akatazama. Nilitamani ardhi inimeze na vitunguu vyangu.

"Kimya," aliniita kwa jina la utani alilonipa mwenyewe. "Ni wewe?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Nimekukosea nini?" Bwana Shamba aliuliza.

Nikarudi kwenye vitunguu vyangu. Miezi saba mwanaume huyu alikuwa anakuja kununua mche mmoja mmoja, mpaka shangazi akamuuliza kama shamba lake liko kwenye kikombe. Juzi aliniambia ananipenda. Mimi nikakimbilia stoo, nikajifungia.

"Basi nimeelewa," alisema taratibu. "Ungesema tu hunitaki. Kabichi zina kosa gani? Naenda kuzing'oa."

Akaondoka. Shangazi akanigeukia.

"Wewe mtoto, huo mdomo ulipewa wa kulia tu?"

Nilichukua simu. Nikaandika, nikafuta, nikaandika tena. Mwisho nikatuma: "Usizing'oe. Ngoja jua lipande."

Nikachukua ndoo, nikaanza kumwagilia.

Saa sita mchana simu ya shangazi ikaita. Alikuwa Bwana Shamba.

"Shangazi, yupo?"

"Yupo wapi tena kama si hapa? Anamwagilia mawe, akili haipo."

"Asiondoke. Nakuja."

Alikuja mbio, mkononi ameshika mche mmoja. Ulikuwa mweusi, umelegea kama kitambaa kilicholowa. Akachuchumaa mbele yangu.

"Mistari mitatu imesimama, majani mabichi kabisa. Wa nne wote umeungua, huu ni mmoja wao. Wewe uliishia wa tatu. Kwa nini?"

"Jua lilitoka."

"Sijaelewa. Nifundishe."

Nilivuta pumzi. "Maji yanaiyeyusha sakitu polepole. Jua likiikuta bado iko juu ya jani, jani linaungua. Marehemu baba alikuwa anatuamsha wote alfajiri, kila mtu na ndoo yake. Halafu ile miche ilikuwa haijazoea baridi. Safari hii ulichukua trei kadhaa kwa mpigo, wiki moja kabla hatujaanza kuilaza nje. Niliona, nikashindwa kukwambia."

Shangazi aliweka chekeche chini. Hakuwahi kunisikia nikisema mengi hivyo kwa mtu mwenye ndevu.

"Na asubuhi kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa unapiga kelele."

Shangazi alicheka mpaka akashika meza. Bwana Shamba hakucheka. Alivua kofia.

"Nisamehe. Nina cheti cha kilimo, na nimekudhania muuaji wa kabichi."

"Nimekusamehe."

"Kesho nitamwambia mkuu kwamba mistari mitatu ni kazi yako. Najua ataniuliza kwa nini nang'ang'ania kubaki kwenye baridi hii. Nimwambie nini?"

"Muulize polepole," shangazi akadakia, "asije akakimbilia stoo."

Nilitazama mlango wa stoo. Shangazi alikuwa ameshausimamia, mikono kiunoni.

"Mwambie," nilisema, na sauti ikatoka ndogo, "una mchumba huku."

"Umesema nini?"

"Hata mimi nimesikia," shangazi alisema, "na sikio langu moja ni bovu!"

Nikasimama. Nikabeba trei ya miche iliyokwisha kulala nje wiki nzima, nikampa.

"Mstari wa nne tuupande upya leo. Na kesho uje alfajiri na ndoo yako. Peke yangu siuwahi."