Kwenye Ghuba ya Viboko

Walikutana kwenye gati la hifadhi Jumapili, watu wamejaa pomoni wakigombea mashua za kuzunguka ziwa. Msusi alikuwa kwenye gauni la njano, akihangaika na jaketi la kuelea lililogoma kufungika. Askari wa hifadhi akamkazia mkanda, kisha akasema kwa uso mkavu, "Ukianguka majini na gauni hili, samaki watadhani jua limedondoka."

Msusi alicheka mpaka mashua ikamwacha.

Tangu hapo simu hazikukatika. Alisuka wateja simu ameibana begani, akisikiliza habari za mwari na korongo, hadi wateja nao wakawa wanaulizia ndege. Baada ya miezi sita mama yake akataka kumwona huyo kijana. Ikapangwa Jumamosi, saa saba mchana. Shangazi alikuja amevaa viatu vyake vya harusini.

Saa saba ikapita, na saa kumi pia. Simu ya askari haikupatikana. Shangazi akavua viatu. Mama akafunika vyakula, sahani moja baada ya nyingine.

Jumatatu saluni hufungwa. Alfajiri alishika njia ya hifadhini, moyo umemfura, maneno ya kuachana ameyapanga moja moja. Mkata tiketi alimwambia askari yuko ghuba ya nyuma tangu Ijumaa, ambako simu hazishiki, akizuia waogeleaji.

Alimkuta kwenye matete, ndevu zimechipuka, magwanda yamekauka tope. Kabla hajafungua kinywa, askari alimwonyesha maji.

Maji yakafunguka. Kiboko jike aliibuka, mkubwa kama chumba, maji yakimchuruzika. Mgongoni alibeba kitoto chenye masikio ya rangi ya waridi. Kikateleza, kikazama. Mama akakifuata chini, akakiinua kwa pua yake polepole, kama abebaye yai. Pumzi yake ilitikisa nyasi. Msusi alikulia mji wa kando ya ziwa, akiliona kila siku dirishani, asijue limebeba makubwa haya. Maneno yote aliyoyapanga yakamtoka kichwani.

"Amezaa Jumamosi," askari alinong'ona. "Watu walikuwa wengi, nikabaki kumlinda. Ningeweza kutuma mtu akuambie. Sikutuma. Nilivyomwona akizaa, nilisahau hata siku yenyewe. Sina la kujitetea."

Angeleta kisingizio, msusi angegeuka aende zake. Badala yake alikaa kando yake kwenye tope, na gauni lake safi. Alimwambia askari kwamba mama amekasirika, na shangazi amekasirika mara mbili. Askari akakiri kwamba shangazi ndiye anayemtisha kuliko kiboko.

"Zamu yako inaisha lini?"

"Saa sita mchana."

"Basi twende moja kwa moja nyumbani, na tope hilo hilo. Mwambie mama ulivyoniambia mimi. Halafu mwambie unataka kunioa, kama unataka."

"Nataka," alisema askari.

Hawakuinuka. Mbele yao kitoto kilipanda tena mgongoni mwa mama yake, naye akageuka nacho taratibu kuelekea maji mengi.