Kufuli la Shemeji

"Nani amefunga mlango?"

Evodia aligeuka, kitabu cha kufuga nyuki bado kiko mkononi. Alikuwa amesikia komeo likivutwa, kisha kufuli likibanwa kwa nje.

Marko akainuka kutoka sakafuni alikokuwa ameketi katikati ya rundo la vitabu. Akausukuma mlango kwa bega. Wapi! Haukutikisika hata kidogo.

"Shemeji! Antipasi, ni wewe?" Evodia aliita. "Tumo humu ndani!"

"Najua mmo humo ndani," sauti ilijibu, imetulia kama ya mtu aliyekula akashiba. "Ndiyo maana nimefunga."

Nyayo zikaondoka. Haukupita muda, simu ya Evodia ikatetemeka. Ujumbe ulikuwa wa shemeji yake huyo huyo.

"Mama yuko msibani. Nimempigia baba mdogo Amosi aje na wazee wa ukoo. Wakukute na mwanaume kwenye chumba cha marehemu kaka yangu. Jiandae."

Evodia aliusoma mara mbili. Akaketi juu ya gunia la alizeti.

"Anasemaje?" Marko aliuliza.

Alimpa simu asome mwenyewe.

Chumba kile, pale Ilongero, kilikuwa cha marehemu mumewe, Edward, dereva wa lori. Wenzake wakisafiri walirudi na khanga au mchele. Edward alirudi na kitabu. Hakujali kinahusu nini. Kutengeneza breki, kuzalisha wajawazito, nyota za angani, sarufi ya Kiarabu, magonjwa ya kuku, mapishi ya hotelini, vyote vilipangwa pamoja kwenye mbao alizozigonga mwenyewe. Ukimuuliza alikuwa akicheka. "Kitabu ni kama abiria wa njiani," alisema. "Humwulizi anakwenda kufanya nini. Unampakia."

Figo zilimwondoa. Mwaka wa tatu sasa Evodia alikuwa pale pale ukweni, analima alizeti na uwele, anamtunza mama mkwe wake Scholastika, anamlea binti yake Rebeka. Hakuona shida kuishi hivyo. Shida ilikuwa Antipasi, mdogo wa marehemu, ambaye tangu mwaka jana alikuwa akimnyemelea na wimbo mmoja.

"Mjane ni wa ukoo. Nikurithi."

"Shemeji, una mke wako Joyce kule Iguguno. Na sisi ni watu wa kanisa."

"Basi ondoka. Ila mtoto unamwacha. Rebeka ni damu yetu."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyomfunga. Akawa kama mbuzi wa kamba fupi: anakula anapofikia, harukii mbali. Kwa mama mkwe hakusema kitu. Angemwambiaje mwanamke aliyezika mwana mmoja kwamba huyu aliyebaki hana aibu?

Kisha mchwa wakaingia chumbani kwa Edward. Mama Scholastika akaona bora vitabu vipate mtu kuliko viliwe. Akamwita Marko, muuza vitabu vya mitumba pale mjini Singida, ambaye Edward alikuwa akinunua kwake. Njoo Jumamosi, alimwambia, uchambue, uchukue vinavyofaa. Evodia atakusaidia, na mlango uwe wazi.

Ukawa wazi kila Jumamosi. Mama akipeta uwele uani, wao ndani wakipekua na kuzungumza. Leo tu mama alikwenda kuzika kwa jirani, na Rebeka alikuwa kwenye jumuiya ya kanisa na watoto wenzake.

Evodia alimpigia mama. Simu ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Hola.

"Mama Rebeka," Marko aliita kutoka dirishani. "Njoo uone. Fremu imeliwa na mchwa. Hizi nondo nikizisukuma zinatoka."

"Basi toka. Kimbia, upitie nyuma ya zizi."

"Na wewe?"

"Mimi nibaki. Wakija wakanikuta peke yangu, hawana neno."

Marko alizishika nondo. Zikalia kidogo. Kisha akaziachia.

"Siondoki."

"Marko, usinitanie! Unawajua hawa watu?"

"Pikipiki yangu iko pale uani, kila mtu ameiona. Nikitoroka kwa dirisha nitakuwa nimekiri kosa ambalo hatujalifanya. Halafu nikuache wewe ulijibie peke yako? Nitawaambia niliingia kuiba vitabu."

"Nani aibe vitabu Ilongero?"

Walitazamana. Kicheko kikamponyoka Evodia, kifupi, chenye machozi ndani yake. Bati lilikuwa linawaka kwa jua na hewa imejaa vumbi la karatasi. Alivua kitambaa cha kichwani akajipepea.

"Nisomee kitu," alisema.

"Kitu gani?"

"Chochote. Nikikaa kimya nitapiga mayowe."

Marko aliokota kilichokuwa karibu na mguu wake.

"'Gari likiteremka mlima, usikanyage breki mfululizo. Zitapata moto, na siku ukizihitaji hazitashika.'"

"Kingine."

"'Mama aliye kwenye uchungu asiachwe peke yake hata kidogo.'"

"Kingine."

"Hiki cha hotelini. 'Kunja kitambaa cha meza mara mbili, vuta ncha ya juu mpaka kipate umbo la bata.'"

"Bata wa kitambaa?"

"Amechorwa hapa. Ana mpaka shingo."

Evodia alikichukua, akamtazama yule bata, akafungua ukurasa mwingine na mwingine bila kusoma. Marko aliketi upande wa pili wa chumba, mbali naye, mgongo ukutani.

"Nikuambie kitu, Evodia?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina lake.

"Sema."

"Vitabu hivi ni magunia mawili. Mtu wa kazi angemaliza siku ya kwanza."

Evodia hakuinua uso.

"Nilikuwa nachukua vichache vichache," Marko aliendelea. "Kimoja nakisahau makusudi, ili nirudi. Nimekuwa na umri huu wote naishi Unyambwa peke yangu, nikajiambia nimezoea. Kumbe sikuwa nimezoea. Sikutaka kukuambia, kwa sababu ya marehemu. Alikuwa mteja wangu, na alikuwa mtu mwema."

"Unafikiri sikujua?"

"Ulijua?"

"Wewe unafunga gunia, mimi nalifungua nakuuliza kitabu hiki kinahusu nini. Mara ngapi? Unafikiri mimi nina haja gani na sarufi ya Kiarabu?"

Marko alifunika uso kwa viganja, akacheka bila sauti. Evodia naye alitabasamu, na papo hapo tabasamu likafa.

"Lakini haitawezekana. Nikikubali kwako wananinyang'anya mtoto. Nikikataa kwake, vile vile. Kila upande nimezibwa, Marko. Chumba hiki ni kidogo tu kuliko maisha yangu."

Nyayo zikarudi mlangoni.

"Shemeji," Antipasi aliita kwa sauti ya chini. "Nimekuonea huruma."

Evodia alinyanyuka. Akageukia dirisha. Mama Scholastika alikuwa amesimama kwa nje, kaniki nyeusi ya msibani imemfunika mabega, anahema. Baba mdogo Amosi alipitia msibani kuwakusanya wazee, na habari zilipomfikia mama aliwatangulia kwa njia ya mkato, ile inayotokea nyuma ya zizi. Macho yake yalimwona Evodia. Yakamwona Marko kule alikoketi. Akafungua mdomo aseme.

"Wazee bado hawajafika," Antipasi aliendelea mlangoni, hajui kitu. "Naweza kufungua sasa hivi, huyo muuza vitabu wako akaenda zake."

Mama akaufunga mdomo. Akasikiliza.

Evodia aliona hapo ndipo pa kufa au kupona. Akausogelea mlango.

"Unataka nini, shemeji?"

"Unajua ninachotaka. Ukubali nikurithi."

"Na wazee utawaambiaje? Umeshawaita."

"Nitawaambia nilikosea. Kwani wananihoji nini?"

"Na mama?"

Antipasi akacheka.

"Mama amekwisha yule. Nikimwambia hili anaamini, nikimwambia lile anaamini. Leo kesho anamfuata kaka Edward. Nyumba yangu, shamba langu, na wewe wangu. Ukikataa, unaondoka na nguo ulizovaa, na Rebeka humwoni tena."

"Kwa hiyo unajua hatukufanya jambo baya humu."

"Nimewachungulia tangu mmeingia, mnasomeana kama watoto wa shule. Sasa nani atakuamini wewe? Mlango umefungwa, mwanaume yumo ndani. Amua haraka."

Dirishani hapakuwa na mtu tena.

Kilichofuata walikisikia tu kwa nje.

"Lete ufunguo."

"Mama! Mama, shikamoo, mimi... nimemkuta huyu mwanamke..."

"Lete ufunguo, Antipasi. Nimesikia nilivyokwisha."

Kufuli lilifunguliwa. Mwanga ukawapiga usoni. Mama Scholastika alisimama mlangoni, mdogo, mwembamba, na nyuma yake wazee walikuwa ndiyo wanaingia uani, baba mdogo Amosi mbele na fimbo yake.

"Shikamooni," Evodia alisema, akipiga goti. Marko naye akaamkia, kichwa chini.

"Marahaba," Amosi alijibu kwa ukali. "Tumeambiwa mambo ya aibu. Mlango ulikuwa umefungwa au haukufungwa?"

"Ulifungwa na mwanangu," mama alisema. "Kwa nje. Maneno mengine nimeyasikia kwa masikio yangu, na nitakuambia tukikaa, kwa sababu nikiyasema sasa nitalia."

Antipasi alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

"Basi kama ni hivyo jambo limekwisha," alisema Amosi, akishusha fimbo. "Huyu bwana aende zake, mjane arudi jikoni."

"Halijakwisha." Mama alimgeukia Evodia. "Mwanangu, nitakuuliza mbele ya watu, nawe utanijibu mbele ya watu. Huyu mtu unampenda?"

Evodia aliona njia mbili, na moja ilikuwa rahisi. Aseme hapana. Abaki salama, apike ugali wa jioni, kesho alfajiri ashike jembe, kesho kutwa vivyo hivyo. Hakuna ambaye angemlaumu. Rebeka wake angebaki mikononi mwake.

Alimtazama yule mzee aliyemwita mama tangu anaolewa, na akaona kumdanganya kungekuwa kumzika mapema, kama Antipasi alivyotaka kufanya.

"Ndiyo, mama. Nampenda. Nisamehe."

Mama alifumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa yamelowa, ila sauti ilikuwa ya yule yule mwanamke wa kupeta uwele.

"Wewe, Marko."

"Naam, mama."

"Nenda nyumbani kwako. Jumamosi usije hapa."

Marko aliinamisha kichwa, akavaa kofia yake, akaanza kutembea kuelekea pikipiki.

"Sijamaliza," mama alisema. "Jumamosi usije peke yako. Njoo na wazee wenu. Mtu hachukui binti wa watu kama anavyochukua vitabu, kimoja kimoja."

"Scholastika!" Amosi alipaza sauti. "Mkwe anaozwa na mama mkwe? Mambo gani haya? Ukoo utasemaje?"

"Ukoo ulikuwa wapi nilipougua masika, akanibeba mgongoni mpaka zahanati? Nimezika mwana mmoja, Amosi. Sitamzika na huyu akiwa hai ndani ya nyumba yangu."

"Na mtoto?"

"Mjukuu wangu atakwenda anakokwenda mama yake. Likizo atakuja kwangu. Anayebisha aje anibishie mimi."

Hakuna aliyebisha.

Haikuwa rahisi kama ninavyoisimulia. Baba mdogo Amosi alinuna mpaka mavuno. Wanawake wa jumuiya walisemasema. Evodia mwenyewe kuna jioni alilia, akamwambia mama asitishe, atamwacha na nani? Mama alimjibu kwamba ana majirani, ana kuku, na ana simu, na akitaka kelele atampigia.

Marko alikuja na baba zake. Wakakataliwa mara ya kwanza, kama kawaida, wakarudi. Padre alitangaza ndoa, hakuna aliyepinga.

Siku ya harusi Antipasi hakutokea. Mkewe Joyce alifika peke yake kutoka Iguguno tangu alfajiri, akajifunga khanga kiunoni, akaingia jikoni kwenye masufuria. Evodia alipomkumbatia, Joyce alisema maneno mawili tu.

"Hongera, dada."

Baada ya ibada gari liliwasubiri nje ya kanisa. Rebeka alikuwa ameshakaa kiti cha mbele, gauni jeupe, anapiga makofi. Maharusi walipoingia, Mama Scholastika alisogea mpaka dirisha la gari. Watu walidhani anataka kumwambia bibi harusi jambo, lakini alimwita Marko.

"Baba, nisikilize. Wazazi wa huyu walishatangulia mbele za haki. Siku ukichoka naye, usimpige, usimtukane, usimfukuze. Mlete kwangu. Hapa ndipo kwao."

"Nimesikia, mama. Sitamleta."

"Mlete tu," mama alisema, na sasa sauti ilikatika. "Hata usipochoka, mlete. Nimwone."

Evodia alifungua mlango wa gari, akashuka na shela lake kwenye vumbi, akamkumbatia. Dereva alipiga honi. Wakamwacha apige.