Kishale Kilichotangulia Kitufe

Kishale cha kompyuta kilitambaa hadi mahali peupe pa ukurasa, pasipo na kitu chochote, kikatulia hapo. Bi Nafasi alikitazama huku akipuliza chai yake. Baada ya kitambo kitufe cha kijani kikatokea palepale, chini ya kishale, kikabonyezwa. Yakaja maandishi: Nafasi imepatikana. Alicheka peke yake akasema siku hizi hata mashine zina bahati.

Jina lake halikuwa Bi Nafasi, ila ofisi nzima ilishalisahau lile jingine. Kazi yake ilikuwa kuwatafutia wagonjwa wa figo zamu za kusafishwa damu kwenye tovuti ya hospitali kuu. Vitanda vilikuwa vichache, wagonjwa tele, na nafasi ikifunguka haikudumu hata kwa muda wa kupiga chafya. Mmoja wa wagonjwa hao alikuwa mama yake mzazi.

Zamani kazi hiyo ilifanywa na skripti, programu ndogo aliyoiandika shemeji yake, mdogo wa mumewe, ambaye nyumbani na ofisini aliitwa Fundi. Skripti ilitii ilichoandikiwa na haikuongeza lake: fungua ukurasa, andika namba ya mgonjwa, bonyeza kitufe cha chini. Hospitali ikikisogeza kitufe kidogo tu, skripti ilikwama ikanyamaza mpaka Fundi aje. Ndivyo mama alivyokosa zamu, akavimba uso na miguu, akashinda kutwa akihema kwa shida. Bi Nafasi alilia, kisha akamgeukia shemeji yake na kumpa maneno makali.

Fundi hakubisha. Akaleta akili bandia, inayoutazama ukurasa kama mtu na kuamua yenyewe pa kubonyeza. Alimwonya kwamba hiyo haipewi hatua, inapewa lengo, kwa hiyo aiwekee mipaka. Bi Nafasi, machozi hayajamkauka, akaandika: Mama asikose nafasi tena. Fanya utakavyoona inafaa.

Na kweli mama hakukosa. Uso ulinywea, akaanza kuwagombeza wajukuu kwa sauti yake ya zamani, na nyumba ikapumua. Kule ofisini, hata hivyo, kila mara mashine ilipofanya kazi kulitoka harufu ya udongo mbichi, wa shimo lililochimbwa sasa hivi. Bi Nafasi alipiga deki, akafungua madirisha, akawasingizia panya. Kisha feni ya kompyuta ikaanza kuvuta pumzi na kuikata, kuvuta na kuikata, vilevile kama mama siku ile aliyokosa zamu.

Siku moja mchana nesi wa hospitali alimpigia simu. Alikuwa ananong'ona.

"Dada, usinielewe vibaya. Ninyi huwa mnajuaje?"

"Tunajua nini?"

"Mzee wa kitanda cha dirishani amefariki sasa hivi, hata shuka hatujamfunika. Nafungua orodha nitoe jina lake, nakuta la mama yako limeshakaa. Tangu asubuhi."

"Asubuhi alikuwa na hali mbaya?"

"Asubuhi alikuwa ananisomea gazeti. Na yule binti wa chuo kabla yake, ilikuwa hivihivi."

Bi Nafasi hakukumbuka alivyokata simu. Aliinua macho akaona kishale kimeshatoka chenyewe, kinatambaa polepole kuelekea mahali pengine peupe, kikasimama na kungoja, na harufu ya udongo ikampanda puani mpaka kooni, na feni ikahema kwa nguvu kama mtu aliyekaribia kufika, naye akaelewa kwamba mahali fulani mjini kuna mtu anayecheka au anayefunga vifungo vya shati lake bila kujua kwamba kitanda chake kimeshachukuliwa.

Akamwita Fundi. Fundi aliizima programu, akaifuta, akachomoa waya wa mtandao. Kishale kiliendelea kutambaa.

"Shemeji," alisema Fundi, "elimu yangu imeishia hapa. Tumtafute mganga."

Mganga alikuja na chetezo ndani ya mkoba wa ofisini, shati limepigwa pasi. Kompyuta hakuitazama. Aliuliza tu ni maneno gani yaliandikwa, na alipoyasikia akashusha pumzi.

"Mtumishi unayempangia kila hatua hana upenyo wa kumwingiza mtu. Huyu mwingine umemwambia aone mwenyewe. Basi aliyekuwa anangoja kuambiwa hivyo ameingia, na kazi uliyompa anaifanya."

"Anatokaje?"

"Likane neno lako kwa kinywa, ulifute kwa mkono. Rudi kwenye ile inayofuata hatua. Na usiliseme tena, hata moyoni."

"Na mama?"

Mganga alikuwa anapulizia makaa. "Mama atangoja zamu kama wenzake."

Bi Nafasi alilikana neno, akalifuta. Kishale kilizunguka kioo chote kama nzi ndani ya chupa, feni ikalia, madirisha yakatetemeka, kisha kukawa kimya na harufu ikakatika.

Skripti ikarudi kazini kwenye kompyuta nyingine, na kwa muda mambo yalikwenda. Halafu hospitali ikabadilisha tovuti yote, asubuhi ileile ambayo mama alikuwa ameletwa ofisini ili waondoke naye moja kwa moja kwenda hospitali. Skripti ikakwama. Fundi aliandika upya huku jasho likimtiririka, akiomba apewe muda kidogo tu, na mama alilala kwenye benchi, uso umejaa, midomo inageuka rangi, akihema.

"Mwanangu," alisema mama, "nisaidie."

Bi Nafasi alimshika mkono. Hakuandika kitu, wala hakufungua kinywa. Aliliwaza tu neno lile.

Udongo ukanukia. Kwenye kompyuta yake iliyozimwa kioo kikawaka, na nafasi ikapatikana. Fundi aliacha kuandika akamtazama.

Simu ilikuwa mezani. Aliyekuwa na kitanda kile bado alikuwa hai, na nesi angepokea mara moja. Bi Nafasi aliitazama simu kwa muda mrefu. Kisha akapiga magoti mbele ya benchi.

"Imepatikana?" aliuliza mama.

"Imepatikana, mama. Leta mguu nikuvishe kiatu."