Aliyejibu kutoka Kilomita Sitini

Sauti ikienda mbali hufifia. Hilo halihitaji shule. Kwa hiyo Bi Fundi alipoandika "tano" kwenye mstari wa kilomita sabini, alibaki akiutazama mwandiko wake mwenyewe kama mtu aliyekuta viatu vya mgeni mlangoni pake na nyumba kaiacha tupu.

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limetanda, na kazi yenyewe haikuwa ya kumtoa mtu jasho. Karakana ya ndege ilikuwa imenunua redio sita za mkononi, zile ambazo rubani huzikimbilia redio kubwa inapomfia angani, na mwenye karakana alitaka kujua zinafika wapi. Njia ya kujua ni moja tu. Mmoja anabaki uwanjani na redio, mwingine anapaa na nyingine, na kila kilomita kumi wa juu anauliza anasikika vipi. Wa chini anajibu kwa namba. Tano ni safi, kama mko meza moja. Moja ni mkwaruzo tu.

Aliyebaki chini alikuwa mume wake, fundi mwenzake, ambaye karakana nzima ilimwita Baba Pacha kwa ajili ya mabinti zao wawili wa miaka minne. Siku hiyo mama ndiye aliyeahidi kuwachukua shuleni saa sita. Ahadi hiyo ilikuwa imeshavunjwa mara tatu kwa sababu ya kazi, na asubuhi ile mmoja wao alikuwa amemshika kidole na kumwapisha. Bi Fundi aliapa. Hakuwa na wasiwasi wowote. Saa moja na nusu angani, kisha nyumbani.

Redio kubwa ya ndege aliizima yeye mwenyewe. Alichomoa fyuzi yake akaitia mfukoni, ili rubani asije akashawishika kuitumia na kuvuruga vipimo. Rubani, mtu mnene aliyezoea kuitwa Kapteni Shibe na kulipenda jina lake, alimcheka kwamba anamnyang'anya ulimi. Lakini mafundi wa redio ndivyo walivyo. Kwao kipimo kwanza, roho baadaye.

Kilomita kumi, tano. Thelathini, nne. Hamsini, mbili. Sitini, kimya. Hapo ilitosha kuandika sifuri na kugeuza ndege. Lakini Bi Fundi alikuwa na ubishi wa kuzaliwa nao. Alitaka kujua kama ni redio iliyochoka au ni mumewe aliyesimama nyuma ya bati. Basi akasema neno ambalo mzee aliyemfundisha kazi alilikataza. Kwenye majaribio, alikuwa akisema mzee yule, mwite mtu mmoja kwa jina lake, usiite hewa tupu, maana hujui huko ni nani anayekaa bila kazi. Wanafunzi walikuwa wakimcheka nyuma ya mgongo wake.

"Yeyote anayenisikia," alisema Bi Fundi, "anijibu."

"Tano," ilisema sauti ya mume wake.

Kapteni Shibe alicheka, akauliza kama Baba Pacha amepanda juu ya paa. Bi Fundi naye alicheka, akaandika. Kilomita sabini akauliza tena, akajibiwa tano tena, na safari hii hakucheka. Kila mumewe alipozungumza kutoka uwanjani, nyuma ya sauti yake kulisikika jenereta la karakana likigugumia. Nyuma ya sauti hii hakukuwa na jenereta. Kulikuwa na injini ya ndege. Aliinamisha sikio kwenye spika, akamwomba Kapteni akohoe. Kapteni hakuelewa, lakini alikohoa, wakati sauti ile ikisema, "Tano, tano, tano," na kikohozi chake kikatokea kwenye redio pamoja na maneno hayo.

"Kapteni," alinong'ona, "huyu anayejibu yuko humu ndani."

Kapteni hakugeuza shingo. Nyuma yao kulikuwa na viti viwili vitupu, na katika kioo kidogo cha juu aliona, na Bi Fundi akaona kwa kufuata macho yake, kwamba mkanda wa kiti kimoja umefungwa na kukazwa, kama umemshika mtu kiunoni. Ndipo harufu ikaja, ya chumba kilichofungwa miaka mingi na nguo mbichi ndani yake.

"Geuza," alisema Bi Fundi. "Turudi. Nina watoto."

Kapteni aligeuza. Alishika usukani kwa mikono miwili, yeye aliyekuwa akijisifu kutua kwenye mvua huku anakula. Chini yao ardhi ilikuwa imepotea, imefunikwa na ukungu mweupe ambao dakika tano kabla haukuwapo, na dira ilikuwa ikizunguka taratibu bila kuchagua upande. Bi Fundi alitoa fyuzi mfukoni akairudisha mahali pake, akawasha redio kubwa, akaizima, akaiwasha tena, na ile ikakaa kimya kama gogo, hata taa yake haikuwaka, na wakati wote huo pumzi baridi ilikuwa ikimpiga kisogoni kwa mapigo ya mtu anayepumua kwa raha zake, asiye na haraka, ambaye amelipata gari alilokuwa akilingoja na sasa anatazama nje. Angeweza kukimbilia wapi? Nyumba yenye jini huwa na mlango, na mtu hutoka hata uchi akapiga mayowe mtaani, lakini wao walikuwa kwenye kisanduku cha bati juu ya weupe usio na mwisho, magoti yamegusana, na mlango ule ukifunguliwa kulikuwa na kifo tu.

Alisoma dua zote alizozijua na nusu za zile alizozisahau. Kisha akashika redio kwa mikono miwili.

"Wewe uliyenijibu, majaribio yamekwisha. Sikukuita wewe. Rudi ulikotoka."

Redio ikajibu kwa sauti ya mumewe, kwa upole ule ule ambao mumewe hutumia kuwabembeleza watoto.

"Yako yamekwisha. Yangu bado."

Mkanda ukafunguka. Harufu ikatoweka, pumzi ikatoweka, na baada ya muda ikasikika sauti ya mbali, yenye mikwaruzo. "Mama Pacha... nakupata mbili." Bi Fundi alilia machozi ya wazi. Hivyo ndivyo sauti inavyopaswa kuwa. Ikawaambia waelekee kushoto kidogo, wakaelekea. Ikawa tatu. Ikawaambia washuke, wakashuka. Ikawa nne, ikikua hatua kwa hatua kama vitabu vinavyosema, na Kapteni Shibe akaanza kutabasamu na kujifuta shingo. Ukungu ukapasuka, na mbele yao ukawapo uwanja wao, karakana yao yenye paa jekundu, na Baba Pacha akipunga mkono.

Walitua salama. Injini ilipozimwa, mshale wa mafuta ulikuwa umelala kwenye sifuri. Baba Pacha alikuja akitembea polepole, redio yake ikining'inia kiunoni, akisimama kila baada ya hatua chache kutazama mikono yake kana kwamba anaipenda. Kapteni alikwishashika kitasa cha mlango.

Ndipo redio iliyokuwa mapajani pa Bi Fundi ikakwaruza. Sauti ilikuwa dhaifu mno, na nyuma yake jenereta lilikuwa likigugumia.

"Mama Pacha, sikupati tena. Siwaoni. Mko wapi, mke wangu?"

Aliyekuwa nje alikuwa hatua nne kutoka kwenye kioo cha ndege, na midomo yake imefungwa. Karakana nyuma yake ilikuwa kimya kabisa. Bi Fundi alimshika Kapteni mkono asifungue mlango, akabonyeza kitufe kwa nguvu hadi kidole kikauma, akasema wako hai, wamepotea, asiite mtu mwingine, awaendee watoto mwenyewe. Alisema yote mara mbili. Alipoachia kitufe alijua kwamba sauti yake haikumfikia mumewe hata kama mkwaruzo.

Mumewe alikuwa akihema kwenye redio. Alikuwa fundi mzuri, na hofu ilikuwa imemfikisha pale ambapo ubishi ulimfikisha mkewe.

"Yeyote anayenisikia..."

"Usiseme," alilia Bi Fundi. "Baba Pacha, usiseme."

"... anijibu."

Yule aliyesimama nje alichomoa redio kiunoni. Akamtazama Bi Fundi kupitia kioo, bila ubaya wowote usoni, akaipeleka mdomoni. Akajibu kwa sauti ya mwanamke. Ilikuwa sauti ya Bi Fundi, hata ule mkwaruzo wake wa asubuhi.

"Nakupata tano, mume wangu. Tulipitiwa na ukungu kidogo. Natua sasa hivi."

Kisha akaupa mgongo uwanja, akaanza kutembea, na hatua zake zikawa zinafupika na kuwa za kike. Ndani ya ndege, Bi Fundi na Kapteni walisukuma milango yote miwili kwa mabega, na hakuna uliosogea. Redioni, mbali kabisa, Baba Pacha alikuwa akicheka na kulia kwa furaha.

"Alhamdulillahi, mke wangu. Basi wahi, ni saa sita kasoro. Watoto wanakungoja."